Kopo la Kwanza Lisishikwe na Baba

Ngcobo,
9 Juni 2019

Mpendwa Baba Mkubwa Mncedisi,

Shikamoo. Natumaini vumbi la mgodini halijakurudishia kile kikohozi. Huku baridi imeanza na Bibi hasogei mbali na moto, ila ni mzima. Mimi naendelea na masomo.

Mwenye shida ni Baba. Daktari amesema kongosho lake limeharibika kwa pombe ya miaka mingi na halitapona kabisa. Amepewa vidonge vya kumeza pamoja na chakula, vifanye kazi ya kusaga mafuta ambayo kongosho limeshindwa. Ale kidogo kidogo, aache sigara, na pombe asiionje hata tone.

Alijitahidi. Mama alikuwa akiengua mafuta kwenye mchuzi, naye Baba akila bila kunung'unika. Mwili ukaanza kurudi.

Kisha tukaalikwa kwenye sherehe kwa jirani yetu, mzee Gcinumzi. Kopo la pombe lilipomfikia, Baba akalipitisha. Mzee akacheka mbele ya wanaume wote: "We Mzwandile, siku hizi umekuwa bibi harusi? Au pombe yangu ina sumu?"

"Lete hapa, bwana," Baba akajibu. "Dawa nimeshameza."

Alidhani vidonge vingemkinga. Kesho yake tulimkuta amejikunja sakafuni, anatapika, hawezi hata kuita. Alilazwa muda mrefu, na sasa sukari yake nayo imeanza kupanda.

Aliporudi nilimsomea maelezo ya dawa: vidonge ni vya chakula tu, pombe haviizuii hata kidogo. Akasema, "Nimeelewa, mwanangu. Lakini Julai tuna tambiko la kuirudisha nyumbani roho ya marehemu babu yako. Mwenye boma nisipoonja pombe ya baba yangu, nitamtazama nani usoni?"

Baba Mkubwa, mimi siwezi kusimama zizini siku ya tambiko nikasema mbele ya wazee. Hata darasani sauti yangu haifiki nyuma. Lakini mtoto wa kwanza wa Babu ni wewe. Tafadhali omba ruhusa kazini uje, ulishike kopo la kwanza kwa mkono wako. Ukishaonja wewe kwa niaba ya nyumba yetu, hakuna wa kumlazimisha Baba.

Nisalimie Mama Mkubwa Nozuko na kaka Lwandile. Mungu na wazee wetu waliotangulia wakufikishe salama.

Naomba pia usimwambie Baba kwamba nimekuandikia. Mwambie tu umekuja kushika nafasi yako. Akijua ni binti yake aliyemwombea, ataona aibu, na kwa aibu hiyo atakunywa.

Mwanao akupendaye na anayekungoja,
Lilitha