Kelele Iliyonyamaza

Gereji, nyuma ya kiwanda cha magodoro,
Jumanne, tarehe 9 Juni, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Mama hajambo? Magoti yake yanaelewana na ngazi za nyumba yako? Sisi huku ni wazima. Wifi yako alishikwa na mafua wiki iliyopita, sasa amepona na amerudia kunikosoa kama kawaida. Mtoto ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele za watu.

Barua yako nimeipata jana mchana. Nilicheka niliposoma jinsi ulivyoitumbukiza simu kwenye ndoo ya kufulia. Baadaye sikucheka tena, maana namba ya jirani yako nimeipiga mara kumi na haipokelewi. Nimepiga pia ofisini kwenu. Aliyepokea alisema, "Sawa, nitamwambia," huku anatafuna kitu. Simwamini.

Ndiyo maana barua hii anaileta dereva wa lori la magodoro, yule tunayemwita Polepole kwa mwendo wake. Anaondoka leo saa sita, kwako atafika kesho jioni. Nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote ila wewe. Mkaribishe ndani, mpe chai, uisome akiwa bado amekaa hapo. Mama usimsomee mpaka wewe mwenyewe uwe umefika mwisho.

Uliniuliza kuhusu kelele za hiyo Sahani yako. Bado nacheka nikikumbuka Mama alivyolipa gari jina hilo siku ya kwanza, alipoinama kuingia akasema limekaa chini kama sahani iliyosahauliwa sakafuni. Na nikusifu: umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi. Wao huja hapa wanaiga kelele kwa mdomo, mmoja anakoroma, mwingine anapiga miluzi, mpaka wapita njia wanasimama kuangalia.

Ule mlio mwembamba wa asubuhi unapozungusha usukani ni mkanda wa pampu umelegea. Hautaua mtu. Ile kong'o kong'o kwenye njia mbovu ya kwenda maabara yenu ni bushi za mbele, zile raba za kuzuia vyuma visigongane, zimechoka, na kwa gari la spoti hilo ni la kutarajia, kwa sababu springi zake ni fupi na ngumu, kila shimo linakufikia mpaka kwenye meno. Unanijua, kwa hizo mbili tu ningeweza kukuandikia kurasa tatu. Leo sina moyo huo.

Pembeni mwa ukurasa wa mwisho, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, uliandika hivi: "Ile tak ya gurudumu la kushoto haijarudi tangu ulipoitengeneza. Mikono yako ni dawa, kaka! Siku hizi usukani ni mzito kidogo tu, na nikimaliza kona haurudi wenyewe, naurudisha kwa mkono. Nikikata tairi gari likiwa limesimama panalia taratibu. Mama anasema kama mlango wa stoo." Ukachora na kiuso kinachocheka.

Nilikuwa nimesimama nikisoma. Ilibidi nikae.

Nisikilize vizuri. Gurudumu la mbele linashikwa kwa chini na kifundo cha chuma, sisi mafundi tunakiita boljointi. Kimekaa kama nyonga yako: kichwa cha duara ndani ya kikombe, na kichwa hicho kinazunguka kila unapokata kona. Kikilika kinaanza kucheza ndani ya kikombe, na hapo ndipo unaposikia tak. Dawa yake ni moja tu, kukitoa na kuweka kipya.

Mimi sikukitoa.

Gari lilikaa hapa siku nane, kumbuka. Kila ulipokuja nilikwambia kesho, mpaka ukanibatiza Bwana Kesho mbele ya wateja na wote wakalishika jina. Ukweli ni kwamba spea ya gari lile haikuwepo mjini kote, na nilishindwa kusema hivyo kwa sababu nilikuwa nimejigamba. Siku ya nane ukaja na mabegi yako na barua ya uhamisho. Niliona aibu. Nikafanya kama Baba alivyokuwa akifanya kwa wasafiri waliokwama: nikaugonga mdomo wa kikombe kwa nyundo mpaka ukakibana kichwa. Tak ikanyamaza palepale.

Baba alipofanya hivyo alikuwa akipaka doa la rangi nyeupe juu yake, alama kwamba gari hilo halijapona na lazima lirudi ndani ya wiki mbili. Kisha alimshika mwenye gari mkono na kumwambia kwa mdomo wake. Mimi doa nilipaka. Kukwambia, sikukwambia. Nilikupa ufunguo nikasema liko kama jipya, na wewe ukanikumbatia na grisi yangu yote. Sasa ni miezi saba. Mara ngapi nimesema nitakuandikia, nikajiambia kelele imekwisha, kuna haraka gani?

Jumamosi iliyopita nilipata jibu. Wiki ileile uliyoondoka niligonga kifundo cha gari la mwalimu wa kuogelea, yule bwana mrefu mwenye filimbi shingoni. Yeye nilimwambia arudi, lakini kwa kuwa lilinyamaza hakuona sababu. Jumamosi akaja abadilishe mafuta ya injini. Akaingia getini taratibu, akakata kona aegeshe karibu na ukuta, nikasikia mlio kama ubao unaovunjwa. Gurudumu la mbele likalala chini ya gari. Alishuka akitabasamu, akidhani amekanyaga kitu. Alipoona, akakaa kwenye tairi kuukuu. Dakika tano kabla ya hapo alikuwa barabara kuu.

"Mbona lilikuwa limetulia, fundi?" aliniuliza. "Halikulia tak hata siku moja. Usukani tu ulikuwa mzito." Na huo mlio wa mlango aliutaja pia, bila mimi kumuuliza.

Kipande kilichokatika nimekufungia kwenye kitambaa, Polepole anacho. Kishike kwenye mwanga. Nusu ya mkato ni ya kahawia, imeshika kutu, maana hapo ufa ulianza miezi mingi iliyopita. Nusu nyingine inang'aa, hiyo ndiyo ya Jumamosi. Kikombe nilikibana mno, grisi ikakauka, kichwa kikagoma kuzunguka. Kwa hiyo kila alipokata kona, shina la chuma ndilo lililokuwa likijipinda, kidogo kidogo, kimya kimya. Usukani wako hauwi mzito kwa sababu ya uzee.

Umeandika kwamba Jumapili utamrudisha Mama, na mtapita ule mteremko wa kona kumi na moja ili alione bonde. Tangu jana naushuka mteremko ule kichwani mwangu. Wewe unaendesha, Mama amekaa upande wa kushoto na mfuko wake magotini, anaulizia bonde liko wapi. Sijawahi kuifikisha safari hiyo chini. Naogopa, mdogo wangu. Nakuandikia wazi kwamba naogopa.

Na barua hii itakukuta kesho jioni. Kufikia hapo utakuwa umeshaliendesha gari kwenda kazini asubuhi na kurudi. Hapo sina la kufanya.

Ukishaisoma, usilisogeze tena, hata kulitoa juani. Usimpe fundi wa huko ili alijaribu barabarani. Kama huniamini, na una haki hiyo, chukua tochi, inama mbele ya gari na uchungulie nyuma ya gurudumu la kushoto, chini kabisa. Usiingie chini yake. Utaona doa jeupe lisilozidi punje ya mchele. Lile ni langu.

Spea nimeiagiza, pande zote mbili, itafika Alhamisi. Ijumaa napanda basi la kwanza na sanduku langu la vifaa, na Jumamosi nitaifunga hapohapo uani kwako, Mama akiwa ananiangalia. Mwambie yote, na umwambie ni nani aliyefanya. Usinifichie. Atakachoniambia nitakipokea.

Msalimie sana Mama. Msalimie shangazi mkionana, na huyo jirani yako asiyepokea simu. Wifi yako anakusalimu, mtoto naye, na fundi wa rangi anasema bado unadaiwa ile filamu mliyobishania. Mungu awafunike nyote wawili, na kesho asubuhi aushike usukani ule kabla yako.

Wako akupendaye kuliko alivyowahi kukuonyesha,
Kaka yako, Bwana Kesho.

N.B. Mpe Polepole funguo za gari aje nazo. Zote mbili, yaani pamoja na ule wa akiba. Najua unaufukia kwenye kopo la majani ya chai. Ukibaki nao utajiambia ni sokoni tu, hapo karibu. Lori lake likirudi tupu husafiri usiku kucha, huku litafika Alhamisi alasiri. Nitakuwa nimesimama getini, na kabla sijamsalimu nitamwangalia mkononi.