Paka Aliyevishwa Raba

Jumamosi, 1 Julai 1989
Nimefua, nimepiga pasi, nimesahihisha madaftari ya darasa la tano. Kisha nimeingia sebuleni nikamkuta Mgambo amesimama kwa miguu ya nyuma, anakwangua mkono wa kochi kubwa kama anayepalilia shamba. Nimemrushia kandambili. Imemkosa, imepiga redio.

Mgambo ni paka wa mama mkwe. Alikuja naye kutoka Butiama mwaka juzi, ndani ya tenga. Makochi yana wiki tatu tu. Velveti nyekundu, imetoka Sirari, mpakani, fundi wa mjini ndiye aliyeivalisha. Ile miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni nilijiapiza: siku maduka yakijaa, nitakalia kitu laini. Maduka yamejaa. Nimekalia. Sasa paka.

Tarehe 22 wanakuja wazee wa Mugeta kuzungumza posa ya Nyanjura, binti yangu wa pekee. Ni watu wa ng'ombe, wenye pamba yao. Sitaki waone hata uzi mmoja unaning'inia.

Jumapili, 2 Julai
Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa nawaza kucha.

Mchana nimemwambia Magesa, mume wangu, paka arudishwe Butiama. Amekataa. Mama hawezi kulala bila yeye. Kweli hawezi. Paka hulala miguuni pake hadi asubuhi. Mama mkwe husema miguu yake imekufa, haisikii moto wala baridi, na Mgambo ndiye anayemlindia. Anamlindia nini, sijui. Macho yake nayo yana ukungu, hata vidole vyake mwenyewe havioni. Havisikii, havioni, na bado ana la kuvilalamikia.

Nimeandika vibaya. Sifuti.

Jumatano, 5 Julai
Nimejaribu wembe. Magesa ameshika, mimi nimekata. Kucha ya tatu imetoka damu. Paka kapiga ukelele, mama mkwe katoka chumbani akipapasa ukuta. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, hajawahi kunikemea. Leo kanikemea.

"Mwalimu! Paka anakatwaga kucha? Kazi atafanyia nini?"

Nimeomba radhi kwa mdomo. Mkono wangu una michirizi minne hadi kwenye kiwiko. Namchukia huyu paka. Na mwenye paka namchukia kidogo.

Ijumaa, 7 Julai
Nimepata dawa.

Nikitoka shule nimepita kwa fundi baiskeli wa hapa Kitaji. Alikuwa anavuta mpira wa valvu, ule mwembamba, anaukata vipande. Nikasimama nikautazama. Unene wake ni wa kucha ya paka hasa. Nimenunua mpira wa kutosha na solusheni ya kuzibia pancha, tyubu moja. Fundi kauliza nina baiskeli ngapi. Sina hata moja.

Sikati tena. Navisha. Mama mkwe hatakuwa na la kusema.

Jumapili, 9 Julai
Mama mkwe alikuwa nje anaota jua. Nimemfunga paka ndani ya gunia, kichwa na mkono mmoja tu nje. Unaminya kidole, kucha inatoka. Unapaka solusheni, unaingiza kipande cha mpira, unashikilia mpaka kigande. Kumi za mbele zimekamilika. Za nyuma nimeziacha, solusheni imekwisha.

Nilipomwachia alitembea akiinua mguu mmoja mmoja, kama bibi harusi aliyekanyaga tope. Nimecheka mpaka machozi. Magesa kasema, "Umemvisha paka raba." Tumecheka wote wawili, jambo ambalo halijatokea siku nyingi. Nyanjura hakucheka. Kasema paka ananung'unika. Nimemwambia akaoshe vyombo.

Jumatatu, 10 Julai
Ushindi. Kajaribu kochi asubuhi, mikono ikateleza. Kajaribu tena, ikateleza. Akakaa chini akajilamba kama vile hakuwa na nia.

Jioni alirukia ukuta wa uani akaanguka chali. Nimemwita jirani aje kuona. Tumemrushia kipande cha samaki juu ya ukuta makusudi ili aruke tena. Kaanguka mara tatu, ya nne hakujaribu.

Mama mkwe kauliza kwa nini Mgambo anamgusa kama ana soksi. Nimesema nimempunguza kucha kidogo sana, Mama, haikumuuma. Kashukuru.

Alhamisi, 13 Julai
Magesa karudi kutoka Butiama na magunia mawili ya chakula cha wageni, moja la mtama, moja la udaga, ile mihogo iliyovundikwa ikakaushwa. Sebuleni hayawezi kukaa. Stoo imejaa. Nimeamuru yawekwe chumbani kwa mama mkwe, nyuma ya kitanda. Udaga unanuka, lakini yeye kakulia udaga.

Nyanjura kasema bibi atakosa pa kupita. Nikamuuliza anakwendaga wapi.

Jumapili, 16 Julai
Panya. Nimeona mavi yao juu ya gunia la mtama, na tundu pembeni.

Mgambo alikuwa mbele ya tundu, ametulia, mkia tu unacheza. Katoka mmoja mkubwa. Paka kampiga kofi barabara, la kumpata kabisa. Panya kachomoka chini ya kiganja akaenda zake. Mgambo akabaki anautazama mkono wake.

Nimecheka. Si sana.

Jumanne, 18 Julai
Naandika haya ofisini shuleni, mlango umefungwa.

Asubuhi nimempelekea mama mkwe uji. Alikuwa amelala, uso ukutani. Kwenye shuka, upande wa miguu, damu. Nimefunua blanketi. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimeliwa pembeni. Nyama imekwenda, shimo safi, kama limemegwa kwa kijiko. Hakustuka. Mguu umekufa, alisema mwenyewe, tena mara nyingi.

Mgambo alikuwa palepale miguuni. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani hakulala.

Sasa najua alikuwa anamlindia nini.

Na najua la kufanya. Kumwamsha mama. Kumpeleka zahanati. Kukata ule mpira, kazi ya dakika kumi. Nimesimama pale na blanketi mkononi nikahesabu. Leo Jumanne. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Paka akipata kucha leo, mpaka Jumamosi velveti imekuwa matambara. Na nikisema kuna kidonda, Magesa ataahirisha wageni. Watu wa Mugeta wakiahirishwa huenda nyumba nyingine.

Nimerudisha blanketi. Uji nimeuweka juu ya stuli. Nimekuja shule nimefundisha sehemu, robo na theluthi.

Jumatano, 19 Julai
Nimenunua mtego. Umeshika kipande cha udaga na hakuna kingine.

Nimemvisha mama mkwe soksi za Magesa, zile nzito za sufu. Nimesema ni kwa ajili ya baridi. Kidole nilikifuta kwanza kwa maji ya chumvi, haraka, bila kukitazama sana. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mungu akubariki, Mwalimu."

Sikula chakula cha mchana.

Ijumaa, 21 Julai
Soksi ya kulia imetobolewa. Sasa ni vidole viwili, na cha tatu kimeanzwa. Nimevisha soksi juu ya soksi. Kuna harufu. Nyanjura kauliza harufu gani ile kwa bibi. Nimesema panya amefia darini.

Magunia nimeyahamishia jikoni. Ningeweza kuyahamisha tangu Jumapili.

Makochi nimeyapiga brashi. Vitambaa vyeupe vya kufuma nimevitandaza juu, vimekaa sawasawa. Sebule inapendeza, hilo siwezi kukataa.

Kesho. Ipite tu kesho, nitarekebisha kila kitu.

Jumamosi, 22 Julai
Walikuja wazee sita, na pikapu. Nimefungua mlango wa mbele, pazia nimelifunga fundo ili makochi yaonekane tangu barabarani. Nimewakaribisha ndani.

Hawakuingia.

Mkubwa wao kasema kwa upole kabisa kwamba kwao mambo ya ng'ombe hayasemwi chini ya bati. Husemwa nje, watu wakiwa wamekaa kwenye vigoda, na mtu wa posa hakanyagi nyumba ya mkwe mpaka ng'ombe wa kwanza wafike. Magesa hakushangaa hata kidogo. Kaenda kuazima mabenchi ya kanisa. Nilimvuta pembeni, nikamuuliza kama alijua. Alijua. Hata Butiama ni hivyohivyo. "Nilidhani makochi ni furaha yako tu," kasema. Mimi mtu wa Majita, wa ziwani. Kwetu mgeni huingia ndani, akakaa, akala samaki. Ningemuuliza mama mkwe, angeniambia kwa neno moja. Sikumuuliza. Sijawahi kumuuliza kitu.

Siku nzima hakuna aliyekalia kochi hata moja. Wamezungumza, wamekubaliana, wamekula ugali wa udaga na mbuzi, wamesifu. Posa imepita. Nilipaswa kupiga vigelegele. Nilipiga.

Wakiwa wanaaga, mkubwa wao kaomba kumsalimu mama wa mwenye nyumba. Asubuhi nilikuwa nimesema anaumwa, amelala. Kabla sijafungua mdomo, Nyanjura kamleta nje, kamshika mkono. Akakalishwa kwenye kigoda, mguu ukanyooka juani. Nzi wakaja. Wale ni wafugaji, harufu ya kidonda wanaijua. Mzee kapiga goti, kamvua soksi ya kwanza, ya pili ikawa imeganda, kailowesha kwa maji ya kunawia. Alitazama muda mrefu.

"Huyu mama analiwa," kasema. "Siku nyingi."

Wote wakanitazama mimi, kwa sababu nyumba ina mwanamke wake.

Mama mkwe akawa anauliza, "Kuna nini? Mnaangalia nini?"

Wamempeleka hospitali kwa pikapu yao.

Jumapili, 23 Julai
Vidole vitatu vimekatwa. Daktari kasema ana kisukari, huenda ni cha miaka mingi, ndiyo maana miguu ilikufa.

Magesa karudi asubuhi, kamshika Mgambo, kakata raba kwa wembe. Solusheni ilishika kweli. Mbili zimetoka na kucha zake. Paka karuka dirishani, hakutazama nyuma.

Kaniuliza nilijua lini. Nimesema jana, pamoja na wote.

Nimedanganya. Hapa naandika ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Jumatano, 26 Julai
Kidonda kimepanda. Wamekata tena, nusu ya unyayo. Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwangu aliyekatwa ni mkuu mwenyewe. Mimi natembea vizuri.

Mgambo hajarudi. Nyanjura haongei nami. Anapika, ananitengea, anaondoka. Jirani niliyemwita kucheka siku ile ya ukuta anamweleza kila mtu kwenye bomba kuhusu paka mwenye raba, na watu bado wanacheka. Hawajaunganisha. Naogopa siku watakayounganisha. Hicho ndicho ninachokiogopa zaidi, kuliko mguu wa mama. Nimejikagua, ndivyo ilivyo.

Jumapili, 6 Agosti
Velveti haina doa wala uzi uliotoka. Siwezi kuikalia. Nakaa jikoni kwenye kigoda.

Magesa kalalia kochi kubwa na viatu vyake. Sikusema kitu. Nadhani alitaka niseme.

Jumapili, 20 Agosti
Mama mkwe yuko nyumbani tangu Alhamisi. Kuosha kidonda ni kazi yangu. Nimeiomba mwenyewe. Maji ya uvuguvugu, kitambaa safi, kila asubuhi kabla ya kanisa au shule. Hatusemi mengi. Huniuliza hali ya hewa, namjibu.

Leo, mguu ukiwa mkononi mwangu, kasema, "Mwalimu, ile Jumanne ulifunua blanketi. Nilikuwa macho."

Nilisimamisha kitambaa.

"Mguu siusikiaga, na macho ndiyo haya. Nikasema, Mwalimu ameona kitu, ataniambia. Nikangoja. Kesho yake ukaniletea soksi."

"Ndiyo, Mama."

"Ulikuwa unawaza nini?"

Ningeweza kudanganya. Nimezoea. "Wageni," nikasema.

Nje watu walikuwa wanapita kwenda ibadani, mmoja kaitikia salamu ya mwingine.

"Walishiba?"

"Walishiba, Mama."

"Haya. Vizuri."

Akasogeza mguu wa pili ndani ya beseni. Nimeuosha, kidole kimoja kimoja, nikaufuta, nikaupaka mafuta. Kisha nimekwenda kumwaga maji.