Sauti Iliyokatikia Darasani

Nyumba za Walimu,
Mlango wa mwisho.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Chiriku, mwana wa kaka yangu,

Pokea salamu zangu, za mkono mtupu lakini za moyo wote. Hujambo? Kile kikohozi cha vumbi la chaki kimekuachia? Unakula mchana, au bado unashinda na chai? Sisi huku tupo, tunapumua. Mzee wangu mgongo unamsumbua lakini anaamka. Mimi mwili wote ni mzima isipokuwa kitu kimoja, nacho ndicho kilichonichelewesha kukujibu. Usidhani nilikupuuza.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Unasema watoto wamejaa hadi dirishani, na barua ya kuacha kazi umeshaiandika, bado kuipeleka tu. Unauliza, nifanyeje, Shangazi? Mwanangu, umemuuliza mtu ambaye naye maji yamemfika shingoni.

Sina sauti. Darasa langu limepakana na karakana ya mchomelea vyuma, na tangu alete mashine ya kukatia mabomba nimekuwa nikishindana nayo kwa koo langu. Asubuhi moja nilikuwa kwenye ba, be, bi. Bo haikutoka. Nikafungua kinywa tena, ikatoka pumzi tupu. Watoto wakadhani ni mchezo mpya. Darasa zima likafungua vinywa bila sauti, wakinifuatisha, macho yanawang'aa kwa furaha. Nilitoka nikaegemea ukuta wa ofisi nikalia, na hata kilio hakikusikika.

Daktari aliona vijinundu kwenye nyuzi za sauti. Akaniambia nikae kimya kabisa, hata kunong'ona nisinong'one, na visiponywea atanipasua. Nikamwandikia kwenye karatasi: nitasema tena? Akajibu, "Tuombe hivyo." Daktari akianza kuomba, mgonjwa ana haki ya kuogopa.

Mwalimu mkuu alitaka kunihamishia stoo ya vitabu. Si mtu mbaya. Alijaribu kunichekesha, "Kimya kingi kina mshindo mkuu," kisha mwenyewe akatazama chini. Nilimwomba aniache darasani mpaka apatikane mwingine.

Siku ya kwanza ilikuwa balaa. Walipanda madawati, mmoja akaanguka akapasuka kidevu. Mama yake, fundi cherehani wa hapo njia panda, akaja akasimama mlangoni mbele ya wanafunzi wangu. "Mimi mwanangu nimemleta kwa mwalimu, sikumleta kwa bubu." Nilifika nyumbani nikamwandikia mzee wangu kwamba sirudi tena. Alisoma, akakunja karatasi, akaniwekea maji ya kuoga. Nyumba yetu siku hizi ina mabubu wawili.

Nilirudi kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwepo. Nikaanza kusimama mlangoni na kumshika kila mtoto mkono anapoingia. Aliyekuja na hasira za nyumbani utamjua kwa mkono wake kabla hajampiga mwenzake. Hilo lijaribu. Kelele zikianza, nilikwenda nyuma ya darasa nikasimama nikatulia, na mara nyingine zilikufa zenyewe. Mara nyingine hazikufa, nikahesabu siku hiyo kuwa imeliwa.

Kuna binti mmoja ana kigugumizi, wenzake wanamwita Pancha. Tangu aanze shule hajawahi kumaliza neno. Kila akianza tunammalizia, wenzake kwa kucheka, mimi kwa huruma na kukimbizana na kipindi. Juzi nilimwonyesha sentensi ubaoni. Akakwama palepale mwanzo. Wenzake wakataka kumsaidia, nikawanyooshea kiganja. Nikangoja, maana ningefanya nini kingine? Alikunja ngumi. Mishipa ya shingo ikamsimama. Mashine ya jirani ikalia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Ba... ba... baba," akasema. Kisha akaendelea mwenyewe, "a... analima shamba," mpaka kwenye nukta. Akaketi kama mtu aliyetua gunia.

Chiriku, ukiuliza swali, ngoja. Ngoja mpaka uone aibu, kisha ongeza kidogo.

Sikuambii haya ili nikudanganye kwamba mambo yamenyooka. Vijinundu havikunywea. Kesho wananipasua. Mwalimu wa kushika nafasi yangu ameshapatikana, na fundi cherehani amenipita sokoni bila salamu. Naogopa, mwanangu. Naogopa kwamba wajukuu wataniita nami nitawapigia makofi kama ninayefukuza kuku. Anayeniambia mvumilivu hula mbivu natamani nimtupie kiatu.

Basi chukua machache niliyonayo. Usishindane na kelele, utashindwa. Kunywa maji kabla koo halijakauka. Usiseme ukiwa umewapa watoto mgongo. Usibebe madaftari yote nyumbani, kuna siku yatalala ofisini na dunia haitapasuka. Mtafute mwalimu mwenzako wa kula naye, hata kama kazi yenu ni kulalamika tu. Na ile barua ya kuacha kazi sikukatazi. Ila usiipeleke siku ya kelele. Ipeleke siku tulivu, kama bado utaitaka.

Nisalimie kaka yangu, mwambie apunguze chumvi. Nisalimie mama yako, na wadogo zako wote, hasa yule kitinda mimba mwenye maneno. Mungu akupe koo la chuma na moyo wa pamba.

Asubuhi, watakapokuwa wananisukuma kwenda chumba cha upasuaji, wewe utakuwa umefika mlangoni pa darasa lako. Ingia, mwanangu. Tuingie wote.

Ni mimi shangazi yako,
akupendaye hata asiposikika.