Abti, Yule wa Njiani Amefika

Abti mpendwa,

Hapa Garissa mvua imenyesha, nami sina uso wa kuja kaburini kwako. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Wewe kaka wa mama, mimi mtoto wa dada yako. Uliniita Abti nami nikakuita Abti, kama ilivyo kwetu Wasomali. Uliniachia usukani wa kile kindege chako cha watu wawili hadi Wajir, tunywe chai ya maziwa ya ngamia, turudi. Hatukubeba abiria wala mzigo. Tuliruka kwa raha tu, na watu wakatuona wendawazimu.

Tukishatua, wimbo wako ulikuwa ule ule: "Abti, jiunge na chama chetu cha marubani."

Nami nilikuwa nakujibu, "Niko njiani."

Wallahi sikuwa njiani popote! Nilijiambia ni wazee wenye vitambi, wanakaa kunywa chai na kusifiana. Nina leseni, nina mafuta, chama cha nini?

Kisha ukafariki, ukaniachia ndege. Mwezi uliopita nilimpakia mama kumpeleka Buna kwa dada yenu. Kutoka juu kiwanja kilionekana safi kabisa. Kumbe mvua imechimba mtaro katikati! Gurudumu la mbele likatumbukia, likavunjika, na mkono wa mama ukavunjika pia. Hakunilaumu. Aliushika mkono wake akatazama pembeni, nami nikatamani ardhi inimeze.

Aliyetufuata na pikapu ni Mzee Noor wa hapo Buna, mmoja wa wale wenye vitambi.

"Kiwanja imeharibika, chama yote inajua," alinigombeza. "Wewe hukubata habari?"

Ningeipata wapi, Abti?

Akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipokutaja, akapiga makofi.

"Ah! Kumbe ndiyo wewe Yuko Njiani!"

Akasimulia kwamba kila mkutano walikuuliza mpwa wako yuko wapi, nawe, mtu usiyejua uongo hata wa mzaha, ukajibu, "Yuko njiani." Miaka yote ile ulinisitiri, hadi wakanipa jina. Mama alikuwa pale pale, anasikia. Nililia kwa aibu mbele ya watoto wa Buna na ngamia wao.

Juzi nilijiunga. Mama, mkono ukiwa kwenye plasta, alinisindikiza hadi mlangoni pa chama. Humo ndani walikuwa wakiambiana kiwanja cha Bute kina tope, asitue mtu. Mmoja ameshanitafutia gurudumu. Hakuna aliyeniuliza nilichelewa wapi, na afadhali wangeniuliza.

Mzee Noor akasimama. "Jamani, amefika."

Walicheka, wakanisogezea kiti. Nilikaa, lakini macho sikuweza kuyainua.

Nisamehe, Abti, na Allah akurehemu. Neno lako limekuwa kweli, na wewe hupo.

Mimi,
Abti wako