Saa Tisa za Kungoja Ndege

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku niliko. Natumaini mgongo umepoa na shemeji amesharudi kazini. Wanangu nao hawajambo? Mwambie mkubwa wao viatu nilivyomwahidi nimeshavipata, ila aache kukua kwanza. Mimi mzima wa mwili, nipo kwenye kazi ile ile ya kufua mashuka ya hospitali.

Barua hii nimeichana mara tatu. Tangu tumzike mama sijapata usingizi wa maana, na sababu naijua.

Uliponipigia kwamba mama amezidiwa, siku ile ile nilikwenda kwa wakala wa tiketi. Akaniambia ni kilomita elfu kumi na moja na ushee, saa kumi na nne angani. Nikakutumia ujumbe kwamba kesho nitakuwa hapo. Kumbe baada ya saa nane tunashuka nchi ya watu, tunangoja ndege nyingine saa tisa nzima, ndipo tumalizie sita zilizobaki. Na mama, ulisema, kila mlango ukifunguliwa alikuwa anauliza kama ni mimi.

Pale uwanjani nilikaa kwenye kiti cha chuma, macho kwenye ubao wa safari. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja mchuuzi wa vitambaa. Alinimegea mkate, akaniuliza naenda harusini au matangani. Nikamjibu naenda kumwona mama, mgonjwa. Akasema nijikaze, Mungu si Athumani.

Siku ya msiba, mama mdogo aliponiuliza mbele za watu kwa nini sikupokea simu, nilisema iliisha chaji. Ukanikingia kifua. Ukawaambia waniache, mtoto katoka mbali.

Dada, simu ilikuwa na chaji. Ilikuwa mkononi mwangu. Niliona jina lako likiwaka mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Nilidhani unanipigia kuniambia amekufa, nikaona nisipopokea atakuwa hai mpaka nifike. Ni woga tu, sina neno la kuupamba. Yule bibi aliniambia, "Pokea, mwanangu, huenda ni nyumbani." Nikaigeuza kifudifudi mapajani.

Sikujua kwamba ulikuwa umemwekea mama simu sikioni, na kwamba mwenyewe ndiye aliyekuomba unitafute. Hayo uliniambia tulipotoka makaburini, umenishika bega.

Ukinikasirikia, una haki. Ukitaka kuwaambia wengine, waambie. Ombi langu ni moja: kama mama alisema chochote wakati simu inaita bila kupokelewa, niandikie, hata kama ni neno chungu.

Nisalimie shemeji na watoto, na mama mdogo pia, kama bado atazitaka salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba wa mama