Suwondo Amemzika Baba Akiwa Hai

Retno, uko wapi? Nimetoka sasa hivi kwenye mkutano wa kampeni wa Suwondo pale uwanjani.

Huyu rais wa klabu yetu, aliyeishusha daraja mara mbili na sasa anautaka umeya, ameomba watu wote wasimame kimya kumkumbuka "marehemu Darmaji, kipa wetu shujaa."

Marehemu! Baba yangu! Na baba amekaa mstari wa pili, kavaa batiki yake nzuri, maana walimwalika wenyewe!

Watu wameinamisha vichwa. Suwondo anajifuta machozi. MACHOZI, Retno!

Baba akasimama. "Mheshimiwa, mimi huyu hapa."

Unajua lile jitu lilijibu nini? Halikuona hata haya. "Mnaona? Nikiongoza mimi, hata wafu wanafufuka kuja kunipigia kura!" Likacheka peke yake.

Baba akamwambia, "Hapana, Bwana Suwondo. Wafu hawapigi kura." Akaondoka.

Nikamkimbilia nikidhani tunatoka wawili tu. Kugeuka pale langoni, naona jukwaa zima la mashabiki linatufuata, na Suwondo kabaki anavihutubia viti.