Kiti cha Jikoni Kisikaliwe

Mke wangu,

Leo asubuhi nilikosa miwani, nikakosa soksi moja, na zaidi ya yote nikakosa subira. Kiti cha jikoni msikikalie hadi kesho jioni. Nimekipaka gundi upya na kukikaza kwa kamba. Maharage nimeyaepua. ~~Msiniwekee chakula.~~ Niwekeeni, kidogo.

Ulicheka nilipoanguka nacho. "Mzee, miaka arobaini ya useremala unawafokea wateja wangoje gundi ikauke, leo umekikalia mwenyewe ikiwa mbichi!" Nilinuna, nakiri, lakini si kwa ajili ya kiti. Mfukoni nilikuwa na barua niliyomwandikia binti yetu wa mwisho: kwamba miaka minane ya ndoa bila mtoto yatosha, amwache mumewe na kurudi nyumbani kwetu. Na kila Jumapili nasimama kanisani kuwahimiza wenzangu wamngoje Bwana!

Pale sakafuni ndipo nilipojiona. Gundi hushika wakati ule ule tunapodhani hakuna linalofanyika. Mimi nilikuwa nimempangia Mungu tarehe, na alipochelewa nikataka kumvunjia mtoto wangu nyumba.

Barua ile nimeichana. Nyingine niliyoandika inasema tunawaombea wote wawili, na wakijaliwa mtoto au wasijaliwe, mumewe ni mwanangu. Uliwahi kunionya nisiwaingilie. Ulisema kweli, ila usilirudie neno hilo mbele ya wajukuu.

Nimeifunga bahasha na kubandika stempu. Naipeleka posta mwenyewe, sasa hivi, kabla sijaongeza ushauri.

Baba Watoto